Mali Bila Daftari

Katika Tononoka, kama katika kila mtaa wa kisiwa cha Mombasa wenye vijana, hapakosi ubishi juu ya nyimbo. Mmoja husema kwamba bendi fulani ya roki ndiyo kubwa kuliko zote zilizopata kushika gitaa, mwenziwe hukataa. Ubishi ukipamba moto hutolewa hoja inayodhaniwa kuwa ya kukata maneno: wimbo fulani ulifika namba moja katika orodha ya Uingereza, ukakaa huko majuma 9. Hapo wabishi hunyamaza kana kwamba kadhi amekwisha kuhukumu. Mtu mzima akiwasikia husema neno la namna nyingine. Husema kuwa namba hizo ni mchezo wa wafanya biashara. Wimbo ni wimbo tu, ni mali ya watu wote, na kila mwenye kinywa aimbe apendavyo.

Nasema kwamba wote wawili wamekosea. Kijana amekosea kwa kuifanya hesabu ya maduka ya wengine kuwa mizani ya uzuri. Mtu mzima amekosea zaidi, kwa sababu neno lake lapendeza masikioni, lakini humpokonya mtunzi haki yake mchana kweupe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo ni mali, na katika pwani yetu nyingi zimekwisha kupotea kwa njia hiyo.

Kwanza na tuitazame hiyo orodha yenyewe, maana wanaoitaja ni wengi na wanaouliza ilizaliwaje ni wachache. Tarehe 14 Novemba 1952, gazeti la muziki la London liitwalo New Musical Express lilichapa orodha ya kwanza ya Uingereza ya santuri zilizouzwa zaidi. Haikutokana na baraza la mabingwa. Mtu mmoja wa gazeti hilo, Percy Dickins, alipiga simu katika maduka yapata 20, akauliza kila duka ni santuri zipi zilizotoka kwa wingi, kisha akajumlisha majibu. Gazeti lilitaka wasomaji, na lilitaka makampuni ya santuri yalipie matangazo. Huko Marekani, gazeti la Billboard lilianza orodha yake ya nyimbo 100 mwezi wa Agosti 1958, ikichanganya mauzo ya madukani na nyimbo zilizopigwa redioni.

Hapana aibu katika kazi hiyo. Mwenye duka asiyehesabu bidhaa zake hufilisika. Lakini hesabu hujibu swali lile tu lililoulizwa. Orodha ya London iliuliza: watu wa nchi hii, katika juma hili, wamenunua nini? Haikuuliza wimbo upi ni mzuri. Haikuuliza upi utaimbwa baada ya miaka 40. Wala haikuuliza watu wa Mombasa wapenda nini, kwa kuwa santuri iliyonunuliwa Mombasa haikuingia katika hesabu hiyo hata mara moja.

Mfano ulio karibu nasi ni bendi ya Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Jamaa zake walihamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi. Kwa hiyo vijana wa pwani humtaja kwa fahari, kama mtu amtajavyo ndugu aliyefanikiwa ugenini. Basi na tuzifuate namba za bendi hiyo tuone zatufundisha nini.

Santuri yao ya kwanza, “Keep Yourself Alive”, ilitolewa 1973, na orodha ya Uingereza haikuipa nafasi hata ya chini. Mwaka uliofuata “Seven Seas of Rhye” ilifika namba 10. Mwaka 1975 ilitoka “Bohemian Rhapsody”, wimbo wa karibu dakika 6, wakati ambapo redio zilipenda nyimbo fupi zaidi. Uingereza uliushika wimbo huo katika namba moja kwa majuma 9. Marekani, wimbo ule ule uliishia namba 9. Mercury alipofariki Novemba 1991 ulitolewa tena, ukarudi namba moja Uingereza. Mwaka 1992 ulitiwa katika filamu moja ya kuchekesha, na Wamarekani ambao zamani waliupa nafasi ya 9 wakaupandisha hadi ya 2. Wimbo “Another One Bites the Dust” wa 1980 ulikuwa namba moja Marekani, lakini Uingereza ulikomea namba 7.

Msomaji na apime jambo hili. Katika “Bohemian Rhapsody” ya 1975 na ile ya 1992 haikubadilika sauti hata moja wala neno hata moja. Kilichobadilika ni wanunuzi, nchi, kifo cha mwimbaji na filamu iliyoonyeshwa. Kama namba ingekuwa kipimo cha uzuri, ingetulazimu kusema kwamba wimbo huo ulikuwa mzuri zaidi upande mmoja wa bahari ya Atlantiki kuliko upande wa pili, na kwamba uliongezeka uzuri ukiwa umelala kabatini. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Namba hutupa habari za soko. Tukiifanya hakimu wa sanaa, tumeipa kazi isiyokuwa yake.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo orodha hizo zilisaidia kulifanya, na hilo ndilo tusilolitazama kwa kuwa macho yetu yameganda juu ya namba. Pamoja na hesabu, biashara ile iliandika jina la wimbo, jina la mwimbaji na tarehe. Na juu ya santuri yenyewe lilichapwa jina la mtunzi. Kwa hiyo kila apendaye kujua ajua kwamba “Bohemian Rhapsody” ni kazi ya Mercury, na “Another One Bites the Dust” ni ya John Deacon, mpiga gitaa la besi, ingawa walioimba na kupiga walikuwa bendi moja. Hapana anayedai kuwa nyimbo hizo ziliokotwa njiani. Kijana wa Tononoka azikariri namba za Queen, na faida kubwa iliyo ndani ya daftari hilo haioni.

Sasa na turudi nyumbani. Mwaka 1969 ilianzishwa hapa pwani bendi iliyoitwa Avenida Success, na 1972 ikachukua jina la Them Mushrooms. Nguzo zake zilikuwa ndugu wa nyumba moja, wana wa Harrison: Teddy Kalanda, Billy Sarro na wadogo zao. Walipiga muziki katika mahoteli ya Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi 1987. Teddy Kalanda Harrison alitunga wimbo wa “Jambo Bwana”, nao ulienea katika santuri tangu 1982. Kwa hesabu iliyotangazwa, zaidi ya nakala 200,000 ziliuzwa kati ya 1982 na 1987. Kwa nchi ambayo mwenye gramafoni alikuwa na majirani kumi wasio nayo, hiyo ni hesabu kubwa ajabu.

Mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani, lililokuwa maarufu duniani kwa muziki wa disko, lilitoa wimbo huo kwa namna yake. Katika orodha ya Ujerumani ulifika namba 48 tu. Kwa mizani ya kijana wetu, wimbo ulioishia hapo ni wimbo ulioshindwa. Walakini ni nyimbo ngapi zilizokuwa juu yake katika majuma yale ambazo leo hapana anayezikumbuka, hata huko Ujerumani kwenyewe? Na “Jambo Bwana” ungali unaimbwa Mombasa, Diani, Malindi na Unguja, na wageni wengi wameyaokota humo maneno yao ya kwanza ya Kiswahili. Orodha ya Ujerumani haikuwa na chombo cha kupimia maisha ya namna hiyo.

Wako wanaoudharau wimbo wenyewe. Husema ni wimbo wa mahoteli, umetungwa kumfurahisha mtalii. Husema Mswahili hasa hasemi “jambo” peke yake, husema “hujambo” na akajibiwa “sijambo”. Husema maneno yake ni mepesi kama unyoya. Yaweza kuwa hayo yote ni kweli, nami sitaki kuufananisha na tungo za Muyaka. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangu lini wepesi wa kazi ukaondoa haki ya mfanyaji? Seremala aliyetengeneza kigoda ana haki juu ya kigoda chake, kama aliyechonga mlango wa nakshi alivyo na haki juu ya mlango. Na jambo jepesi likishikwa na mamilioni ya watu kwa miaka mingi, basi kulitunga hakukuwa kwepesi. Kama kungekuwa kwepesi, kila mwenye dharau angekuwa amekwisha kutunga lake.

Jeraha lenyewe si dharau hiyo. Jeraha ni kwamba ukiwauliza watu kumi wanaoujua wimbo huo ni nani aliyeutunga, wengi watakuambia kuwa ni wimbo wa zamani, wa watu wote, hauna mwenyewe. Mtunzi wake alikuwa na jina, na ndugu zake walikuwa na majina, na mwaka wajulikana. Hata hivyo tumeuhesabu kama embe lililoanguka barabarani.

Hapa ndipo ninapokutana na yule mtu mzima na usemi wake kwamba wimbo ni wa watu wote. Nakubali kwamba kuna nyimbo za namna hiyo. Mdundo wa chakacha ni urithi wa wanawake wa pwani katika arusi zao. Hapana mtu mmoja awezaye kusimama katika uwanja wa Tononoka na kusema, mdundo huu ni wangu. Bendi ya Mombasa Roots ilipouingiza mdundo huo katika muziki wa disko miaka ya 1980, ilichota katika kisima cha wote, na halali yake. Lakini kisima ni kitu kimoja, na mtungi aliouteka mtu kwa jasho lake ni kitu kingine. Anayesema kwamba maji ni ya Mungu huku ameubeba mtungi wa jirani yake kichwani, huyo ana jina lake katika Kiswahili, nalo si jina la heshima.

Tazameni yaliyoupata wimbo wa “Malaika”. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys yapata mwaka 1960. Miriam Makeba aliuimba, tena akiwa na Harry Belafonte katika santuri ya 1965, ambayo ilipata tuzo ya Grammy huko Marekani. Boney M. nao waliutoa 1981. Umezunguka dunia nzima. Lakini nani aliutunga? Fadhili William alisema ni wake. Grant Charo alidai ni wake. Na Adam Salim vilevile ametajwa kuwa ndiye mtunzi. Wimbo unaojulikana kuliko wote wa Kiswahili umebaki na mashitaka yasiyokwisha juu ya baba yake. Sisemi hapa nani mkweli na nani mwongo. Nasema kwamba kama siku ile ulipoimbwa mara ya kwanza pangalikuwa na mtu mmoja mwenye kalamu na daftari, akaandika jina, mahali na tarehe, hoja yote ingemalizika kwa kufungua ukurasa.

Wala namba peke yake haimwokoi mtu. Solomon Linda wa Afrika ya Kusini aliurekodi wimbo wake wa “Mbube” mwaka 1939, akaiachia kampuni haki zake kwa malipo kidogo. Mwaka 1961 Wamarekani walioitwa The Tokens waliutoa kwa maneno mengine, ukafika namba moja katika orodha ya Billboard. Mwaka 1962 Linda alifariki katika umaskini. Binti zake walingoja hadi 2006 ndipo yakafikiwa mapatano ya kuwalipa. Kijana anayeabudu namba moja na atafakari: namba moja ilikuwapo, santuri zilikuwapo, fedha zilikuwapo, jina la mtunzi halikuwa mahali pake, basi vyote vile vilikwenda kwa wengine.

Nimesikia ikisemwa kwamba kuandika majina na kuhesabu ni desturi ya kigeni, na kwamba sanaa yetu haikujua mambo hayo. Asemaye hivyo hajafika mwisho wa utenzi. Watunzi wa tenzi wa pwani hii walikuwa na mazoea, wakifika beti za mwisho, kutaja jina la mtunzi, idadi ya beti na mara nyingi tarehe ya kumaliza kazi, ili mnakili asipunguze wala asizidishe, na mwizi asijipachike. Hilo lilikuwa daftari ndani ya wimbo wenyewe. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, mashairi yake yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka katika vinywa vya watu kabla hawajafa nayo, W. E. Taylor akashirikiana naye katika kuyaandika. Na 1940 yakachapwa kuwa diwani. Kama Mwalimu Sikujua angalisema kuwa mashairi ni ya watu wote na wajionee wenyewe, leo Muyaka angekuwa jina tupu. Basi kuandika si ugeni. Uvivu wa kuandika ndio ugeni, nasi tumeuzoea hata tukaudhani kuwa mila.

Angalieni pia taarabu ya Mombasa. Kwa miaka mingi duka la Mbwana Radio Service lilirekodi na kuuza kanda za waimbaji wetu, na sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh zilisikika katika kila nyumba yenye arusi. Nani aliyehesabu kanda hizo? Moja ilinunuliwa dukani, kumi zikanakiliwa majumbani. Hapakuwa na gazeti lililopiga simu katika maduka. Lakini hesabu si hasara kubwa. Tunaweza kuishi bila kujua ni kanda ngapi. Hasara kubwa ni kwamba katika nyimbo za arusi aliyeimba hujulikana, na aliyetunga shairi mara nyingi hajulikani, wala aliyetia sauti, wala waliopiga udi na fidla. Bhalo amefariki 2014 na Zein 2016. Kila mzee anapozikwa, kurasa kadhaa ambazo hazijaandikwa huzikwa naye.

Mtu ataniambia: hayo ni ya zamani, leo mitandao huhesabu kila kitu, na wimbo wa kijana wa Majengo huonyesha umesikilizwa mara ngapi, bila orodha ya London. Ni kweli kwamba leo tunahesabiwa. Lakini mashine hiyo huhesabu wasikilizaji. Haichunguzi nani alitunga. Huandika jina la aliyeupandisha wimbo, naye yaweza kuwa ni mtu aliyeokota kanda ya marehemu akaitia humo. Tumepata namba nyingi kuliko zamani, na jina lingali limekosa mlinzi. Aliyekuwa akilewa namba 9 za Queen sasa hulewa milioni za mtandao. Ulevi ni ule ule.

Yako yanayoweza kufanywa, tena hayahitaji fedha za serikali wala hisani ya kampuni. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini sheria bila ushahidi ni mwavuli uliofungwa. Ushahidi huo wanafunzi waweza kuukusanya. Shule iliyo Tononoka imezungukwa na hazina: Majengo na Mwembe Tayari ni mwendo wa miguu, na Mji wa Kale si mbali. Humo wamo wazee waliopiga ngoma, waliopiga gitaa katika mahoteli, waliouza santuri na kanda, walioimba taarabu usiku kucha. Na awepo katika kila shule mwanafunzi wa kushika daftari, na kila wimbo upewe mstari wake: jina la wimbo, nani alitunga maneno, nani alitia sauti, nani aliimba, nani walipiga vyombo, na vyombo gani, uliimbwa wapi kwanza, mwaka gani, kama kuna santuri au kanda, jina la mtoaji na namba iliyochapwa juu yake. Penye madai mawili, yaandikwe yote mawili pamoja na majina ya mashahidi. Kisha daftari litiwe katika maktaba ya shule, na nakala yake iwekwe mahali pa pili, kwa sababu mchwa hawasomi ila hula.

Kazi hiyo haina makofi. Ni rahisi zaidi kukaa na kubishana kama Queen walistahili kuwa mbele ya wengine, nami siwakatazi vijana kuupenda muziki wa roki. Sikio halina mpaka, na mtoto wa Unguja aliyeimba London ni haki yetu kumsikiliza. Lakini ni ajabu mtu kujua majuma ambayo wimbo wa wengine ulikaa juu, na asijue jina la jirani yake aliyetunga wimbo unaoimbwa na dunia nzima. Elimu ya namna hiyo ni kama ya mtu ahesabuye ng'ombe wa kijiji cha pili na zizi lake limebaki wazi.

Kwa hiyo, mnaosoma haya, msiulize kwanza wimbo ulifika namba ngapi. Ulizeni ni wa nani. Mkipata jibu, liandikeni siku hiyo hiyo, kabla aliyewajibu hajaondoka. Namba itakuja ikipenda, na isipokuja wimbo hautapungua kitu. Jina likipotea, halirudi.